Tathmini ya KiuFunza: Je, ruzuku ya shule na bonasi ya mwalimu humfanya mtoto ajue kusoma?

KiuFunza ni mpango ulioendeshwa na shirika la Twaweza katika shule za msingi za serikali Tanzania Bara mwaka 2013 na 2014, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa huduma za elimu zilizopimwa kwa uangalifu mkubwa zaidi kati ya zote zilizowahi kupelekwa katika shule zetu. Ninaitathmini kama ambavyo mtu angetathmini huduma yoyote inayolipiwa: inatoa nini, inagharimu kiasi gani, inatimiza ilichoahidi au haitimizi, na nani anapaswa kuichukua. Wanunuzi wa huduma ya namna hii ni halmashauri, wizara na wafadhili, lakini anayelipa hasa ni mlipakodi, na anayebeba hasara ikiwa huduma ni mbovu ni mtoto wa Darasa la Kwanza, ambaye hana mahali pa kwenda kudai arudishiwe mwaka wake.

Mpango ulikuwa na sura tatu. Katika kundi la kwanza, kila shule ilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, kiwango kilekile ambacho sera ya serikali ilikuwa imekiweka kwa ruzuku ya uendeshaji, ingawa kilichokuwa kikifika shuleni kwa kawaida kilikuwa kidogo kuliko hicho. Ruzuku hiyo haikuwa na masharti ya matokeo. Shule yenyewe iliamua inunue vitabu, chaki, madawati au kitu kingine. Katika kundi la pili hakukuwa na ruzuku. Badala yake, walimu wa Kiswahili, Kiingereza na Hisabati wa Darasa la Kwanza, la Pili na la Tatu waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mwanafunzi ambaye angefaulu mtihani wa somo husika, na mwalimu mkuu shilingi 1,000 kwa kila ufaulu huo. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, ruzuku na bonasi, kwa viwango vilevile.

Upande wa bei, bonasi ina sifa moja ambayo ningependa kila afisa mipango aizingatie. Mtoto akifaulu masomo yote matatu, gharama yake ya juu kabisa ni shilingi 18,000, yaani 15,000 za walimu na 3,000 za mwalimu mkuu. Asipofaulu hata moja, mfadhili hatoi hata senti. Ruzuku hulipwa iwe mtoto amejifunza au hakujifunza. Mwalimu wa Kiswahili wa Darasa la Pili mwenye wanafunzi 80, ambaye 40 kati yao wamefaulu, angepata shilingi 200,000, na kila mtoto wa ziada ambaye angemfikisha kwenye kiwango angemwongezea 5,000. Mkataba huo unaelezeka kwa dakika chache katika kikao cha walimu, jambo ambalo, kama nitakavyoonyesha, lilikuja kuwa na uzito kuliko wengi walivyodhani.

Sehemu inayoipa huduma hii thamani kubwa zaidi, hata kuliko fedha zenyewe, ni namna ilivyopimwa. Shule zilikuwa 350, kutoka wilaya 10, na kila wilaya ilitoa shule 35. Kwa bahati nasibu, shule 70 zikapewa ruzuku, 70 bonasi, 70 vyote viwili, na 140 hazikupewa chochote ila zilifuatiliwa na kupimwa sawasawa na nyingine. Hizo 140 ndizo zinazonifanya niyaamini matokeo. Bila hizo tungebaki na swali ambalo karibu kila ripoti ya mradi wa elimu hulikwepa: watoto hawa wangekuwa wapi kama mradi usingekuja?

Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kulinganisha alama za kabla na za baada ya mradi. Tanzania ilibadilisha mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili mwaka 2015 ili uelekezwe kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, kisha Januari 2016 ikaanza kutekeleza elimu bila malipo, na idadi ya watoto madarasani ikapanda. Mtu anayechukua alama za mwaka 2014 na kuzilinganisha na za mwaka 2016, kisha akasema tofauti imeletwa na mradi wake, anapima mtaala mpya, ongezeko la wanafunzi na mradi kwa mkupuo mmoja, wala hana njia ya kuvitenganisha. Vilevile swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kulinganisha shule zenye mradi na shule jirani zisizo nao, ikiwa waliochagua shule za mradi ni watu. Afisa akiambiwa achague shule kumi, atachagua zile zinazofikika kwa gari hata wakati wa masika, zenye mwalimu mkuu anayejituma na kamati inayokutana. Shule hizo zingefanya vizuri zaidi hata bila mradi. Bahati nasibu inaondoa uchaguzi huo mikononi mwa binadamu, na idadi ya shule ikiwa kubwa, makundi yanakuwa yanafanana kwa wastani katika mambo yote, yale tunayoyaona na yale tusiyoyaona, isipokuwa hilo moja tunalolipima.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2019 katika jarida la Quarterly Journal of Economics na Isaac Mbiti, Karthik Muralidharan, Mauricio Romero, Youdi Schipper, Constantine Manda na Rakesh Rajani. Msomaji makini ataona kwamba Rajani ndiye mwanzilishi wa Twaweza, na ana haki ya kuuliza kama mtoa huduma anaweza kujitathmini mwenyewe. Nimelifikiria hilo kwa uzito. Linalonipa imani ni kwamba matokeo yaliyotolewa hadharani yanajumuisha yale ambayo mtoa huduma yeyote angependa kuyaficha, na yanaanza nayo.

Ruzuku peke yake, baada ya miaka miwili, haikupandisha alama za wanafunzi. Bonasi peke yake ilionyesha dalili za kupandisha, lakini hafifu. Shule zilizopata vyote viwili zilipanda kwa kiasi cha 0.23 cha mkengeuko sanifu, na ongezeko hilo lilikuwa kubwa kuliko jumla ya ongezeko la ruzuku na la bonasi kila moja ikiwa peke yake. Kwa asiyezoea kipimo hicho, maana yake ni takriban hii: ukiwapanga watoto 100 kwa alama zao, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, mtoto aliyekuwa katikati, nafasi ya 50, angesogea hadi karibu na nafasi ya 41. Si muujiza. Lakini ni watoto wa madarasa yaleyale, walimu walewale na majengo yaleyale, na ni ongezeko ambalo ruzuku ya kiasi kilekile, ikitolewa peke yake, ilishindwa kulileta.

Kushindwa kwa ruzuku ndiko kunakostahili kukaliwa zaidi, kwa sababu ruzuku ndiyo huduma ambayo serikali na wafadhili huinunua kila mwaka bila kusita. Watafiti hawakukuta kwamba fedha ziliibwa. Shule zilitumia, na matumizi kwa kila mwanafunzi yaliongezeka. Sehemu ya jibu iko nyumbani. Wazazi walipoona shule ina fedha, walipunguza walichokuwa wakitoa wenyewe kwa ajili ya elimu ya mtoto, na hakuna wa kuwalaumu, maana kaya yenye kipato kidogo ikipata nafuu upande mmoja hupeleka shilingi yake kwenye unga au dawa. Sehemu nyingine ya jibu iko darasani. Uchunguzi wa utoaji huduma uliofanyika Tanzania mwaka 2010 ulikuta kwamba, siku ya ziara ya kushtukiza, asilimia 23 ya walimu hawakuwepo shuleni, na asilimia 53, ukiwajumlisha waliokuwepo shuleni lakini nje ya darasa, hawakuwa wakifundisha darasani. Kitabu kipya kwenye kabati la shule ambayo nusu ya vipindi havina mwalimu ni mbolea iliyomwagwa kabla ya mvua.

Majirani zetu wa Kenya walilikuta jambo linalofanana na hili mapema. Katika wilaya za Busia na Teso, kuanzia mwaka 1996, shule 25 kati ya 100 zilipewa vitabu vya kiada kwanza, na Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walipochapisha matokeo mwaka 2009 walionyesha kwamba wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa tayari juu. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ambayo kwa watoto wengi wa vijijini huko ni ya tatu, na wengi hawakuweza kuvisoma. Aliyeangalia tu kama vitabu vimefika shuleni angeandika kwamba mradi umefanikiwa kwa asilimia mia moja.

Sasa bonasi. Hapa wapo wanaosema kwamba ukimlipa mwalimu kwa alama atafundisha mtihani, na hofu hiyo si ya kupuuzwa, kwa sababu imeshatokea. Glewwe, Kremer na Nauman Ilias walipima mpango wa zawadi kwa walimu magharibi mwa Kenya, uliotolewa kwa shule 50 kati ya 100. Alama za mitihani iliyofungamanishwa na zawadi zilipanda, lakini mahudhurio ya walimu hayakubadilika, kazi za nyumbani hazikuongezeka, na kilichoongezeka ni vipindi vya ziada vya maandalizi ya mtihani. Kwenye mitihani isiyo na zawadi faida haikuonekana, wala haikudumu baada ya mpango kwisha. Walimu walifanya kile hasa walicholipwa wakifanye.

KiuFunza ilijikinga na kasoro hiyo kwa namna ambayo ningependa kila mpango wa bonasi uige. Kulikuwa na mitihani ya aina mbili. Mmoja ulikuwa wa kulipia, uliosimamiwa na watu wa nje, si walimu wa shule husika. Mwingine ulifanywa na watafiti kwa sampuli ya wanafunzi, na haukuwa na fedha yoyote nyuma yake. Mwalimu hakuwa na sababu ya kuufundishia. Takwimu ya 0.23 niliyoitaja inatoka kwenye huo usio na fedha. Katika mtihani wa kulipia ongezeko lilionekana kubwa zaidi, na kama tungepewa hilo peke yake tungekuwa na haki ya kulitilia shaka. Kwamba shule za ruzuku na bonasi zilipanda kwenye mitihani yote miwili, wakati shule za bonasi pekee zilionekana vizuri zaidi kwenye ule wa kulipia, ni taarifa yenye thamani kubwa sana kwa mnunuzi, na isingepatikana kama mtoa huduma angejiwekea kipimo kimoja tu.

Uganda nako kumetoa ushahidi unaoelekea upande uleule. Mpango wa bonasi kwa walimu wa Hisabati wa darasa la sita katika shule za vijijini, uliofanyiwa utafiti na Daniel Gilligan, Naureen Karachiwalla, Ibrahim Kasirye, Adrienne Lucas na Derek Neal, uliwafanya watoto wengi zaidi wabaki shuleni, lakini alama zilipanda tu katika shule zilizokuwa na vitabu vya somo hilo. Matokeo mawili ya nchi mbili, kwa madarasa tofauti na mikataba tofauti, yanayosema kwamba juhudi ya mwalimu na nyenzo za kufundishia zinategemeana, yananitosha mimi kuacha kuuliza kipi kinunuliwe kwanza.

Mwaka 2015 na 2016 Twaweza iliendelea na awamu ya pili, katika shule 180, kujaribu ni mkataba upi wa bonasi unafaa. Shule 60 zilipewa mkataba wa viwango: mwalimu analipwa kwa kila stadi ambayo mwanafunzi ameimudu, kuanzia nyepesi hadi ngumu. Shule nyingine 60 zilipewa mkataba ambao wachumi wanaupenda zaidi kwa nadharia: wanafunzi wanagawanywa katika makundi kulingana na uwezo wao wa mwanzo, kisha kila mmoja anapangwa nafasi dhidi ya wenzake wa shule nyingine walioanza sawa naye, na mwalimu analipwa kwa nafasi hiyo. Mkataba huo wa pili unamtendea haki mwalimu ambaye darasa lake limeanza chini, na kwenye karatasi ni bora. Shule 60 zilizobaki zilikuwa za kulinganisha. Mikataba yote miwili iliinua alama, lakini ule wa viwango, ulio rahisi kueleweka, ulifanya vizuri sawa na ule wa kitaalamu, hata kuuzidi. Sishangai. Mwalimu anayejua kwamba Asha akiweza kusoma aya hii atalipwa, anajua nini cha kufanya na Asha Jumatatu asubuhi. Mwalimu anayeambiwa kwamba malipo yake yanategemea nafasi ya Asha dhidi ya watoto asiowajua wa wilaya nyingine hana kitu cha kushika. Ninaona hili kuwa somo kwa kila anayebuni mikataba ya watumishi wa umma, si walimu peke yao.

Kasoro zipo, na nitazitaja bila kuzipunguza. Ya kwanza iko katika mkataba wa 2013 na 2014 wenyewe: ulilipa kwa kufaulu au kutofaulu, hivyo mtoto aliye mbali sana chini ya mstari na mtoto aliyekwisha kuuvuka wote wawili hawamwongezei mwalimu kitu, na anayevutia juhudi ni yule aliye karibu na mstari. Awamu ya pili ililirekebisha hilo kwa kuweka stadi za ngazi mbalimbali, na yeyote anayefikiria kuichukua huduma hii achukue mkataba wa awamu ya pili, asichukue ule wa kwanza. Ya pili ni muda. Miaka miwili inatosha kuonyesha kwamba mtoto wa Darasa la Tatu amepanda, lakini haitoshi kutuambia kama faida hiyo bado ipo anapofika mtihani wa Darasa la Saba, na ningetamani kuona watoto hao wakifuatiliwa hadi huko.

Ya tatu ndiyo inayonisumbua kuliko zote, nayo ni nani ataendesha. Twaweza ni shirika lenye watu wanaolipa kwa wakati na mitihani inayosimamiwa na watu wasio na maslahi. Kenya ina mfano wa kutia uchungu. Mpango wa kuajiri walimu wa mkataba uliokuwa umeonyesha mafanikio chini ya mashirika ulijaribiwa upya kwa bahati nasibu nchi nzima, sehemu ukisimamiwa na shirika lisilo la kiserikali na sehemu ukisimamiwa na serikali. Tessa Bold, Mwangi Kimenyi, Germano Mwabu, Alice Ng'ang'a na Justin Sandefur walikuta kwamba shule zilizo chini ya shirika zilipandisha alama, na zilizo chini ya serikali hazikupandisha hata kidogo. Mpango ulikuwa uleule na mkataba uleule. Kwa hiyo ushahidi wa shule 350 ni ushahidi kuhusu KiuFunza ikiendeshwa jinsi ilivyoendeshwa, na si hati ya kuamini kwamba halmashauri yoyote itakayotangaza bonasi itapata 0.23.

Tanzania nayo ina onyo lake la ndani. Chini ya mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, ulioanza mwaka 2013, shule zilipangwa hadharani kwa matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Sera hiyo ilishuka nchi nzima kwa wakati mmoja, hivyo bahati nasibu haikuwezekana, lakini Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walitumia tofauti ya shinikizo kati ya shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao na zile za katikati, kabla na baada ya sera. Shule za mkiani ziliinua kiwango cha ufaulu. Idadi ya watahiniwa wake pia ilipungua. Aliyeangalia asilimia ya ufaulu peke yake angepiga makofi, na asingewaona watoto ambao hawakufika kwenye chumba cha mtihani. Ninalitaja kwa sababu linaonyesha pia kwamba sera isiyoweza kugawanywa kwa kura bado inaweza kupimwa kwa uaminifu, iwapo takwimu zinatunzwa vizuri na mpimaji anatafuta waliodhurika kwa bidii ileile anayotafutia waliofaidika.

Kwa hiyo, ningeinunua? Ruzuku peke yake kama njia ya kuinua alama, hapana. Ipelekwe kwa sababu shule haiwezi kuendeshwa bila chaki na vyoo, lakini isiahidiwe kwa wazazi kama tiba ya kutojua kusoma. Bonasi peke yake, hapana, hadi ioneshe kupanda kwenye mtihani usio na fedha. Vyote viwili pamoja, kwa mkataba wa viwango unaoeleweka, ndiyo, na kwa moyo mkunjufu, kwa sababu shilingi 10,000 ya ruzuku tayari imo katika sera, na kinachoongezwa juu yake hulipwa pale tu mtoto anapoweza kusoma.

Halmashauri itakayoamua kuichukua ningeishauri iweke masharti matatu katika mkataba kabla ya kutoa shilingi ya kwanza. Shule za mwaka wa kwanza zichaguliwe kwa kura inayopigwa hadharani mbele ya walimu wakuu wote, na zisizochaguliwa ziandikwe kuingia mwaka wa pili ili zisikose haki yao na wakati huohuo ziwe za kulinganisha. Mtihani wa kulipia usimamiwe na watu wasio watumishi wa halmashauri hiyo, na uandamane na mtihani wa pili usio na fedha kwa sampuli ya wanafunzi wa shule zote. Na orodha ya watoto walioandikishwa mwezi Januari itumike kama ndiyo hesabu ya darasa hadi mwisho wa mwaka, ili mtoto asiyetokea siku ya mtihani ahesabiwe kuwa hajafaulu na pasiwe na mwalimu yeyote anayefaidika kwa mtoto kubaki nyumbani.